Meno kwenye ndoo ya trekta dogo: fundi wako aanzie wapi?

Msomaji wa Mbozi, mkoani Songwe, ameleta swali ambalo ninalifupisha hivi. Ana trekta dogo la Kijapani la nguvu za farasi 28, alilolinunua likiwa limetumika, linalovuta kwa magurudumu yote manne, na mbele lina loda, yaani mikono ya kunyanyulia ndoo, ambayo kibati chake kinaonyesha uwezo wa kunyanyua kilo 400. Ndoo iliyokuja nayo ina makali bapa; inapakia samadi na mchanga bila shida, lakini kila akijaribu kuchimba lambo la kunyweshea ng'ombe, makali huteleza juu ya ardhi na magurudumu ya mbele huinuka. Fundi wake amependekeza ndoo mpya kabisa, ya upana wa mita moja na nusu, ya bamba la milimita 8, yenye meno manane yaliyokatwa kwenye springi za lori na kuchomelewa moja kwa moja kwenye makali. Anauliza kama vipimo hivyo vinafaa, chuma gani kitumike, na meno yawe mangapi.

Ndugu yangu, ushauri wangu ni kwamba ndoo hiyo isitengenezwe, na meno hayo yasichomelewe. Iache ndoo uliyo nayo mahali pake, kisha itengenezewe upau wa meno, yaani flatibaa nene yenye meno sita, inayofungwa kwa bolti juu ya makali ya ndoo siku ya kuchimba na kufunguliwa siku ya kupakia samadi au kusawazisha uwanja. Wazo la fundi wako la kutumia springi za lori ni zuri, na nitalitetea hapa chini. Tatizo liko kwenye uzito wa ndoo na kwenye namna ya kuyashika meno.

Tuanze na uzito, kwa sababu ndio unaoamua mengine yote. Bamba la chuma la unene wa milimita moja lina karibu kilo 7.85 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo bamba la milimita 8 lina karibu kilo 63. Sakafu na mgongo wa ndoo ya mita 1.5, ukivinyoosha vikawa kipande kimoja bapa, hufika mita za mraba 1.95, yaani kilo 122. Pande mbili zitachukua kilo 31, bamba la makali la milimita 150 kwa 16 litachukua kilo 28, meno manane ya kilo mbili mbili ni kilo 16, na masikio ya pini pamoja na viimarisho hayatapungua kilo 30. Jumla ni kilo 227 kabla hujachota hata beleshi moja la udongo. Loda yako inabakiwa na kilo 173, na kwa kuwa udongo mbichi wa mfinyanzi una kilo 1,700 hivi kwa mita ya ujazo, kilo hizo ni sehemu moja ya kumi tu ya mita ya ujazo, ilhali ndoo ya ukubwa huo humeza theluthi ya mita ya ujazo, ambayo ni zaidi ya kilo 550. Utakuwa na ndoo ambayo ikijaa hainyanyuki. Zaidi ya hayo, namba iliyoandikwa kwenye kibati kwa kawaida hupimwa kwenye pini za ndoo. Mzigo unaokaa nusu mita mbele ya pini hizo hulemea mikono ya loda kuliko namba hiyo inavyoonyesha.

Sasa meno. Kazi yake ni kukusanya nguvu mahali padogo. Makali ya ndoo ya upana wa milimita 1,300, yenye unene wa milimita 12, hugusa ardhi kwa eneo la milimita za mraba 15,600. Meno sita, kila moja likiwa na ncha ya milimita 50 kwa 8, yanagusa kwa milimita za mraba 2,400 tu. Trekta ni lile lile na msukumo ni ule ule, lakini shinikizo kwenye udongo linaongezeka mara sita na nusu, na ndiyo maana jino huzama pale ambapo makali bapa yanateleza. Ukiongeza meno yakawa manane au kumi, faida hiyo unaanza kuirudisha ulikoitoa, kwa sababu nguvu inagawanywa tena, na nafasi kati ya meno inakuwa finyu hadi mawe na vipande vya mizizi vinakwama humo. Kwa upana huo, meno sita yaliyopishana milimita 240 hadi 260 kutoka kitovu hadi kitovu yanatosha kabisa.

Lakini nguvu iliyokusanywa kwenye ncha haiishii kwenye udongo. Inarudi kwenye mashine. Trekta la kilo 1,200 hivi, pamoja na loda yake, likiwa kwenye ardhi kavu linaweza kusukuma kwa nguvu ya karibu nusu ya uzito wake, tuseme kilo 600. Nguvu hiyo ikigawanyika kwenye makali yote, mikono miwili ya loda inabeba sawa kwa sawa. Ikiangukia jino moja la pembeni lililogonga mzizi, sentimita 60 kutoka katikati ya trekta, inazaa msokoto wa kilo 360 kwenye mkono wa urefu wa mita moja, na msokoto huo unapita kwenye mkono mmoja wa loda, kwenye pini zake, na kwenye fremu inayoushikilia kandokando ya injini. Hapo nimehesabu msukumo wa polepole tu. Trekta likiingia kwenye kisiki kwa mwendo, pigo ni kubwa zaidi. Loda za matrekta haya madogo zimeundwa kwa kunyanyua na kupakia vitu vilivyolegea, si kwa kung'oa. Nimeona mikono iliyopinda ikarudishwa kwa moto na jeki, na haikuwahi kukaa sambamba tena. Ndoo ikabaki imeinama upande mmoja, ikichimba mfereji kila inapotakiwa kusawazisha. Kwa hiyo lengo la kwanza la ubunifu wako liwe hili: kinachovunjika au kupinda kwanza kiwe kitu cha bei ndogo ambacho unaweza kukifungua kwa spana.

Kuna gharama nyingine ya meno ambayo mafundi wengi hawaihesabu. Jino linaongeza urefu wa ndoo. Kama kutoka pini hadi makali ni milimita 550, na jino limechomoza milimita 100, ncha sasa iko milimita 650 kutoka kwenye pini, na nguvu ya silinda ya kukunja ndoo inayofika kwenye ncha hupungua kwa karibu asilimia 15. Ndiyo sababu nakusihi usikubali meno marefu ya kutisha. Milimita 100 hadi 110 mbele ya makali inatosha kulegeza tabaka la udongo, na kazi ya ndoo yenye meno kwenye trekta dogo ni hiyo hasa: kulegeza tabaka moja baada ya jingine na kuliokota.

Upau wenyewe utengenezwe hivi. Chukua flatibaa ya chuma laini cha kawaida, upana wa milimita 100 na unene wa 16, uikate kwa urefu unaopungua milimita nne hivi kwenye upana wa ndani wa ndoo. Italala bapa juu ya sakafu ya ndoo, sehemu yake ya mbele ikipita makali kwa milimita 30. Chini ya sehemu hiyo iliyopita, chomelea ukanda wa chuma wa unene ule ule wa makali ya ndoo yako, uliokaa ukigusa uso wa mbele wa makali kwa urefu wote. Ukanda huu ndio kiungo muhimu kuliko vyote. Trekta linaposukuma, nguvu inatoka kwenye meno, inaingia kwenye upau, na kupitia ukanda inaegemea makali ya ndoo moja kwa moja. Bolti zinabaki na kazi ya kuzuia upau usiinuke, badala ya kukatwa kama nyama kwenye mkasi. Upande wa chini wa ukanda uwe sawa na sakafu ya ndoo, ili ndoo bado iweze kuteleza bapa juu ya ardhi.

Kila mwisho wa upau uchomelewe sikio la bamba la milimita 10, lililosimama milimita 150 kando ya ukuta wa ndani wa ndoo, na lifungwe kwa bolti mbili za M16, yaani za unene wa milimita 16, za daraja la 8.8 zinazopita kwenye ukuta. Kama kuta za ndoo yako ni nyembamba, ziongezee kwa nje kipande cha flatibaa cha milimita 80 kwa 10 kabla ya kutoboa. Masikio peke yake hayatoshi. Unapokunja ndoo huku meno yakiwa ardhini, udongo unayavuta meno chini na nyuma ya upau inataka kunyanyuka katikati, mbali na masikio. Toboa matundu mawili kwenye sakafu ya ndoo, kila moja likiwa theluthi moja ya upana kutoka upande wake, karibu na ukingo wa nyuma wa upau, na upitishe bolti za kichwa cha kuzama kutoka chini. Siku ambazo upau umefunguliwa, matundu hayo yazibwe kwa bolti fupi ili udongo mwembamba usivuje. Upau mzima, pamoja na meno, utakuwa na kilo 30 hivi.

Nimesisitiza chuma laini kwa upau, na nataka fundi wako asikibadilishe akidhani anakusaidia. Atashawishika kutumia kisu cha greda kilichochakaa, kwa sababu vinapatikana kwenye chuma chakavu na vina matundu tayari. Kisu cha greda ni chuma chenye kaboni nyingi. Kinastahimili kusuguliwa, lakini kikichomelewa masikio bila kupashwa moto vizuri kitapasuka. Tunataka upau unaopinda kidogo ukipata pigo baya, ukakuonya, ukanyooshwa. Ugumu tuuweke kwenye ncha tu.

Na hapo ndipo springi ya lori inapopata heshima yake. Jani la springi la upana wa milimita 75 na unene wa 12 lina kaboni ya karibu asilimia 0.5 hadi 0.6, pamoja na kromi, manganizi au silikoni kutegemea aina, na tayari limeshapitia moto na kupozwa kiwandani kwa ustadi ambao karakana ya kijijini haiwezi kuurudia kwa urahisi. Pima mwenyewe faida yake: jino lililochomoza milimita 110 likibeba nguvu ya kilo 500 kwenye ncha, mkazo kwenye shina lake unafika karibu megapaskali 300. Chuma laini cha kawaida huanza kupinda moja kwa moja kwenye megapaskali 250 hivi, kwa hiyo jino la flatibaa ya kawaida lingekunjika siku ya kwanza. Jani la springi huvumilia zaidi ya mara tatu ya mkazo huo.

Tatizo linakuja pale fundi anapoligusa kwa elektrodi. Mshono wa kuchomelea unayeyusha ukingo wa springi, na sehemu iliyo milimita chache kutoka kwenye mshono, ambayo haikuyeyuka lakini ilikuwa nyekundu, inapozwa ghafla na chuma baridi kilichoizunguka. Kwa kaboni nyingi namna ile, sehemu hiyo inageuka kuwa ngumu na dhaifu kwa mapigo. Ongeza unyevu uliokuwa kwenye elektrodi, unaoingiza haidrojeni ndani ya chuma, na ufa unajitengeneza wenyewe chini ya mshono, mara nyingine saa nyingi baada ya kazi kupoa, wakati fundi ameshalipwa. Ukilitazama jino lililong'oka kwa namna hii utakuta mshono wenyewe ni mzima na mzuri; limevunjika pembeni yake, na uso wa mvunjiko una chembe zinazometa, bila dalili yoyote ya kupinda. Inawezekana kuchomelea springi kwa usalama, kwa kuipasha moto nyuzi 200 hadi 300 za Selsiasi kabla, kutumia elektrodi zenye haidrojeni kidogo zilizokaushwa, na kuifukia kwenye majivu makavu au chokaa ipoe polepole. Lakini moto wa kuchomelea wenyewe unalegeza, karibu na mshono, ugumu ulioufuata kwenye springi. Kwa nini tuingie huko wakati bolti mbili zinamaliza kazi?

Kwa hiyo meno yafungwe. Kata vipande sita vya urefu wa milimita 200 kwa diski ya grainda, ukivimwagia maji mara kwa mara. Ukiona chuma kimegeuka bluu mbali na mkato, umekwenda haraka mno. Mpinde wa asili wa jani ugeuzwe ili ncha ielekee chini, na kwa namna hiyo jino lililofungwa juu ya upau litashuka kuelekea usawa wa sakafu ya ndoo. Ncha ipunguzwe kutoka milimita 75 hadi 50, ichongwe kwa juu kwa mteremko wa nyuzi 30 hivi, na iachwe na unene wa milimita 6 hadi 8. Usiinoe kama panga. Ncha nyembamba inameguka kwenye jiwe la kwanza.

Kutoboa springi kunahitaji subira. Keekee ya kawaida italia tu na kuungua. Tumia keekee ya kobalti, mashine ya kutobolea iliyosimama, mwendo wa chini, mkandamizo usioachia, na mafuta ya kukatia. Kila jino lipate bolti mbili, moja nyuma ya nyingine, ili lisizunguke. Bolti zinazofaa ni zile za kisu cha greda za inchi 5/8, ambazo kichwa chake kinazama. Kichwa kikae chini ya upau kikiwa kimefichwa kabisa, na nati iwe juu. Tundu la upau lichongwe liendane na kichwa hicho, vinginevyo upau hautalala bapa.

Kama springi zako zimetoka kwenye lori lililochoka, zikague kwanza, kwa maana jani lililokwisha kuanza kupasuka barabarani litamalizia kazi hiyo kwako. Kuna njia ya zamani isiyohitaji chombo chochote. Sugua jani kwa brashi ya waya hadi liwe jeupe, lisafishe grisi yote, lipake mafuta ya taa na uliache nusu saa. Lifute kabisa kwa kitambaa kikavu, kisha lipake unga wa chaki uliokorogwa kwenye spiriti. Spiriti itakauka na kuacha utando mweupe, na palipo na ufa, mafuta ya taa yaliyojificha humo yatatoka polepole na kuchora mstari mwembamba wa giza juu ya weupe. Angalia hasa karibu na tundu la katikati na kwenye kingo. Jani lenye mstari huo lisitumike hata kama ufa ni wa nusu sentimita.

Njia mbadala ni kununua meno ya kusubu yaliyotengenezwa kwa ajili ya mashine za kuchimbia, ambayo yanauzwa kwenye maduka ya vipuri vya mitambo. Ni mazuri na yanadumu, mradi uyapime kwenye mzani kwanza: jino la mashine kubwa lina uzito na upana ambao trekta lako halina sababu ya kuubeba, na sita ya kilo nne nne ni kilo 24 zilizokaa mahali pabaya kuliko pote, mbele kabisa. Chagua madogo yanayofungwa kwa bolti. Ukiletewa meno ya zamani au vipande vya taya za mashine za kusagia kokoto, vijaribu kwa sumaku. Kama sumaku haishiki, hicho ni chuma cha manganizi cha aina aliyoivumbua Robert Hadfield huko Sheffield mwaka 1882, ambacho tabia yake ni kinyume cha springi, kwani huharibika kikipashwa moto mwingi na kuachwa kipoe polepole. Usikichomelee kwa desturi uliyoizoea.

Kazi ya kuchomelea iliyobaki, yaani masikio na ukanda kwenye upau, ni chuma laini kwa chuma laini na haina siri kubwa. Ningependa fundi atumie elektrodi za E7018, ambazo ni za ile aina yenye haidrojeni kidogo, za milimita 3.2 kwenye mashine ya umeme mnyoofu, ampea 110 hadi 140. Kama anayo mashine ya kusukwa mtaani inayotoa umeme wa kubadilika, huenda isiweze kulishika tao la E7018, ambalo huhitaji volti 70 hivi kabla ya kuwaka; katika hali hiyo E6013 nzuri inatosha kwa viungo hivi. Pakiti ya E7018 iliyofunguliwa siku nyingi ikaushwe kwa nyuzi 300 hadi 350 kwa saa moja hivi, joto ambalo oveni ya nyumbani haifiki. Ukanda uchomelewe kwa vipande vifupi vya kupishana, kutoka katikati kwenda nje, upau ukiwa umebanwa kwenye boriti nene, la sivyo joto litaukunja na hautalala kwenye sakafu ya ndoo. Na ndoo ikihitaji kuongezewa chuma kwenye kuta, itolewe kwenye trekta kwanza. Umeme wa kuchomelea ukipata njia kupitia pini, bushi na silinda za haidroli, unaacha vidonda kwenye nyuso zilizong'arishwa, na ukipita kwenye waya za trekta unaweza kuua altaneta.

Iwapo baada ya msimu mmoja bado utataka ndoo mpya, kwa sababu ya zamani imeoza au ni kubwa kupita kiasi, basi iwe ndogo. Upana usizidi sana ukingo wa nje wa matairi ya mbele, ambao nadhani kwako ni mita 1.3 hivi, ili matairi yapite pale ndoo ilipokwisha kusafisha. Mgongo na sakafu viwe bamba la milimita 5, pande milimita 6, makali milimita 125 kwa 12, na ukubwa wa upande usizidi mita za mraba 0.125, hapo ndoo itakuwa na kilo 105 hivi pamoja na meno, na ikijaa udongo mbichi wa kilo 276 utakuwa na kilo 381. Hata hivyo usiinyanyue hadi juu kabisa ikiwa imefurika. Chini ya sakafu weka kanda tatu za flatibaa za kusuguka, na ukingo wa juu wa mgongo uimarishwe kwa bomba la mraba. Kukunja bamba la upana huo kwa nyundo hakuleti umbo. Uliza SIDO, shirika la viwanda vidogo, au chuo cha ufundi cha VETA mjini Mbeya kama wanaweza kukukunjia kwa mashine.

Masikio ya pini ya ndoo mpya yanakiliwe kutoka kwa yale ya zamani bila kubuni chochote. Kata umbo lake kwenye plaiwudi, likiwa na matundu yote mawili, na ulijaribu kwenye mikono ya loda ndoo ikiwa imekunjwa hadi mwisho na imemwagwa hadi mwisho. Tofauti ya sentimita mbili kwenye tundu la silinda inaweza kufanya ndoo igonge mkono kabla silinda haijamaliza mwendo wake, na silinda itaendelea kusukuma hadi kitu kipasuke. Wakati wa kuyashika kwa nukta za kwanza za kuchomelea, pitisha shafti moja ndefu iliyonyooka kwenye masikio yote kwa pamoja, na usiitoe hadi mishono mikubwa imalizike na kupoa.

Kabla hujachimba, tazama nyuma ya trekta. Magurudumu ya mbele kuinuka unaposukuma ndoo chini ni nusu ya tatizo. Nusu nyingine inakuja ndoo ikijaa, nyuma inapokuwa nyepesi na ekseli ya mbele inabeba kila kitu. Pipa la lita 200 lililokatwa nusu na kujazwa zege lina uzito wa kilo 240 hivi. Likifungwa kwenye viungo vitatu vya nyuma kwa pini imara, trekta linatulia, na msukumo wa magurudumu ya nyuma unaongezeka. Kwenye mteremko wa lambo hilo pipa linaweza kuwa tofauti kati ya kurudi nyumbani na kupinduka, kwa hiyo lisiachwe ghalani kwa uvivu. Ndoo iliyojaa ibebwe chini, sentimita 30 kutoka ardhini, na mtu yeyote asipite chini ya mikono iliyonyanyuliwa.

Unapochimba, tumia gia ya kwanza ya mwendo wa chini. Inamisha ndoo nyuzi tano hadi kumi, ingiza meno sentimita tano tu, songa mbele, kunja, nyanyua, rudi. Usikate usukani huku meno yakiwa ardhini, na usichimbe kwa kurudi nyuma. Kisiki kisichokonolewe kwa jino la pembeni. Fukua kuzunguka, kata mizizi kwa shoka, kisha kivute kwa mnyororo uliofungwa nyuma, chini kwenye ndoano ya kuvutia, kamwe usiufunge kwenye loda. Mwezi wa Mei, mvua zikiwa zimeisha na udongo bado una unyevu, lambo lako litachimbika kwa nusu ya nguvu utakayoihitaji Septemba.

Na kama ardhi ni kavu kiasi kwamba sururu inaruka, hakuna meno ya mbele yatakayokusaidia bila kuumiza mashine. Funga ripa ya jino moja kwenye viungo vya nyuma, ambako trekta limejengwa kuvuta kwa nguvu zake zote, chana ardhi kwa mistari iliyopishana sentimita 40, halafu geuka na kuokota kifusi kwa ndoo.

Bolti za M16 zikazwe hadi nyutoni-mita 200. Asiye na spana ya kipimo atumie mpini wa nusu mita na kuuvuta kwa nguvu ya kilo 40. Baada ya saa ya kwanza ya kuchimba zikazwe tena, kwa sababu rangi na kutu vilivyokuwa kati ya vyuma vitakuwa vimesagika na huenda zimelegea. Meno ya pembeni yatachakaa mapema kuliko ya katikati. Yabadilishane nafasi ncha zikiwa bado zina milimita 80 mbele ya makali.